Baiskeli Mpya Katika Duka la Mtumba

Biashara ya baiskeli zilizotumika ina tabia moja inayowachosha hata wale wanaoipenda: mali haiagizwi, inatafutwa. Muuzaji hawezi kumwandikia mtengenezaji amletee baiskeli ishirini za saizi ya kati zenye breki za diski. Analazimika kusubiri watu ishirini tofauti waamue kuuza, kila mmoja kwa sababu zake, kisha akague, apige hesabu na avutane bei na kila mmoja wao. Ndiyo maana mfanyabiashara wa aina hii anapokua, akapata jina, wateja wa kudumu, karakana yenye mafundi na ghala lenye nafasi, wazo la kuongeza baiskeli mpya humjia karibu lenyewe. Mpya huja kwa katoni, katika saizi zote, na bei yake imekwisha kupangwa. Mteja ni yule yule, fundi ni yule yule, tovuti ni ile ile. Kwa nini faida isiongezeke?

Nionavyo, hesabu hiyo ina kasoro tangu mstari wa kwanza, kwa sababu inachukulia kwamba kuuza baiskeli ni kazi moja. Kuuza mtumba na kuuza mpya ni biashara mbili zenye mantiki zinazopingana, na zikigawana mtaji mmoja, ile iliyokuja baadaye huwa na tabia ya kuila ile iliyotangulia. Iko njia moja ambayo upanuzi huu unaleta maana, nayo ni pale baiskeli mpya inapotumika kama chambo cha kuvutia mtumba mzuri. Wengi wanaoingia humo hawaingii kwa sababu hiyo. Huingia kwa sababu wamechoka kutafuta mali.

Tuanze na mahali faida inapozaliwa. Katika mtumba, faida hupatikana siku ya kununua. Tuseme baiskeli fulani itauzika kwa 100. Aliyeinunua kwa 55 na kutumia 12 kwa matengenezo, usafi na picha anabakiwa na 33 za kulipia kodi, mishahara na tamaa yake mwenyewe ya kukua. Aliyeinunua kwa 70 anabakiwa na 18, na akigundua baadaye kwamba fremu ina ufa, habakiwi na kitu. Soko haliwezi kumsaidia, maana bei ya kuuzia inajulikana na kila mtu mwenye simu; kinachomtofautisha na jirani yake ni jicho lake, kumbukumbu zake za mauzo ya nyuma, na ujasiri wa kumwachia muuzaji aende zake bei isipokubalika.

Katika mpya, mambo yamegeuzwa. Bei ya jumla anaijua kila wakala wa chapa ile, bei ya rejareja imependekezwa na chapa yenyewe, na pengo lililopo kati ya hizo mbili si siri kwa mshindani yeyote. Ustadi unahamia kwingine kabisa: kuagiza idadi sahihi miezi mingi kabla ya msimu, kugawa saizi bila kubaki na baiskeli ndogo mno na kubwa mno zisizo na mtu, kulipa deni la mkopo wa stoki kwa wakati, na kuimaliza mali kabla chapa haijatangaza toleo la mwaka unaofuata. Mtu aliyeishi miaka kumi akinunua baiskeli moja moja hajawahi kufanya mazoezi ya lolote kati ya hayo. Hana daftari linalomwambia ni asilimia ngapi ya wateja wake ni wa saizi kubwa, kwa sababu hakuwahi kuchagua saizi, alichukua iliyokuja.

Itazame kazi ya mkaguzi wa mtumba kwa karibu, maana ndiyo rasilimali hasa ya duka la aina hii. Fremu ya kaboni imefungwa kwenye stendi, magurudumu yametolewa. Tochi inapitishwa polepole chini ya bomba kuu la chini, panapopigwa na mawe, kisha kuzunguka tundu la ekseli ya pedeli na maungio ya shingo ya foki. Mkaguzi anagongagonga kwa sarafu, akisikiliza mlio mkavu na mkali, na anaposikia mlio uliofifia anarudi nyuma na kugonga tena. Anachomoa nguzo ya kiti kuhakikisha haijaganda ndani ya fremu. Anaweka kipimo kwenye mnyororo: ukiwa umevutika kwa asilimia 0.5 kwenye mfumo wa gia 12, mnyororo unabadilishwa. Ukivuka asilimia 0.75, yumkini umekwisha kula meno ya gia za nyuma, na seti ya gia za nyuma za daraja la juu ina bei ya kutosha kubadilisha ofa yote. Kama baiskeli ni ya umeme, anaunganisha kompyuta na mota, anasoma betri imechajiwa mara ngapi na imebakiwa na uwezo kiasi gani. Kwa dakika hizo chache ameamua kama duka litapata au litapoteza.

Baiskeli mpya haihitaji ujuzi huo. Katoni linafunguliwa, usukani unanyooshwa, gurudumu la mbele linafungwa, boliti za shingo ya usukani zinakazwa kwa kipimo kilichoandikwa pale pale, mara nyingi nyutoni mita 5, breki na gia zinarekebishwa, kazi imekwisha. Ni kazi halali na ina namna yake ya kuharibiwa, lakini fundi yeyote makini wa duka lolote anaiweza. Canyon, kampuni ya Ujerumani inayouza moja kwa moja kwa mnunuzi, imejenga biashara yake yote juu ya dhana kwamba sehemu hiyo ya mwisho mteja anaweza kuimalizia nyumbani. Kwa hiyo muuzaji wa mtumba anapoingia kwenye mpya, anakiacha mlangoni kile ambacho watu walikuwa wakimlipia, na anashindana kwa kitu ambacho wenzake wanakifanya kwa bei rahisi zaidi.

Hayo yangevumilika kama biashara mbili hizi zingekaa bega kwa bega bila kugusana. Tatizo kubwa, na ndilo ninalotaka kulikalia, ni kwamba bei ya mtumba daima ni kivuli cha bei ya mpya. Hakuna anayeijua thamani ya baiskeli ya miaka miwili bila kwanza kuuliza ile ile mpya inauzwaje leo. Mpya ikiwa 100, ya miaka miwili yenye hali nzuri inaweza kusimama kwenye 65, na muuzaji akainunua kwa 42 na kuitengeneza kwa 8. Mtengenezaji akishusha mpya hadi 60 ili kusafisha ghala, ile ya 65 imegeuka kichekesho: nani atalipa zaidi kwa iliyotumika kuliko iliyo mpya na yenye dhamana? Italazimika kushuka hadi 40 au chini yake, na muuzaji aliyetarajia faida ya 15 sasa amepata hasara ya 10 kwa kila moja, bila yeye kukosea lolote katika ukaguzi wake.

Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2020, janga la korona lilipowafungia watu ndani na kuwaacha na njia chache za kujiburudisha, mahitaji ya baiskeli yalipanda ghafla duniani, viwanda vikazidiwa, na vipuri vingine vikasubiriwa kwa zaidi ya mwaka. Ulikuwa wakati wa neema kwa wauzaji wa mtumba, kwani baiskeli iliyopo dukani, hata ikiwa na mikwaruzo, ilikuwa bora kuliko mpya iliyo kwenye foleni ya kiwanda. Kisha oda zilizowekwa kwa hofu mwaka 2021 zikawasili mwaka 2022, wakati watu wamerudi maofisini na waliotaka baiskeli wamekwisha kuzipata. Maghala yakafurika. Mauzo ya Shimano ya Japani, ambayo sehemu zake zimo katika idadi kubwa ya baiskeli duniani, yalishuka kwa takriban robo mwaka 2023. Oktoba ya mwaka huo huo Wiggle Chain Reaction ya Uingereza, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mtandaoni, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi baada ya kampuni mama, Signa Sports United, kuyumba. Mwishoni mwa mwaka chapa ya Kona ilifikia hatua ya kutangaza kwamba anayenunua moja katika matoleo fulani anapewa ya pili bure. Mtu aliyekuwa na Kona kumi za mtumba ghalani asubuhi hiyo hakuhitaji mhasibu kumwambia kilichotokea.

Sasa mfikirie muuzaji aliyekuwa na vyote viwili. Baiskeli zake mpya zimeshuka thamani kwa sababu chapa imepunguza bei kwenye tovuti yake, naye hana budi kufuata. Kila punguzo analoliandika kwenye mpya linachimba shimo chini ya mtumba uliopangwa upande wa pili wa duka lake mwenyewe. Wanaotetea upanuzi hupenda kusema kwamba kuwa na vyanzo viwili vya mapato kunapunguza hatari. Ingekuwa kweli kama vyanzo hivyo vingepanda na kushuka kwa nyakati tofauti. Hivi viwili vinashuka pamoja, na kinachoviunganisha ni uamuzi wa mtu wa tatu aliyeko katika ofisi za chapa.

Kuna njia ya pili, isiyo na kelele, ambayo mpya huishusha mtumba, nayo ni kubadilika kwa viwango. Magurudumu ya inchi 26 yalipopisha yale ya 29 kwenye baiskeli za milimani, na breki za rimu zilipopisha za diski kwenye baiskeli za barabarani, baiskeli nzima nzima zilizokuwa na afya njema zilipoteza wanunuzi. SRAM, kampuni ya Marekani inayotengeneza sehemu za baiskeli, ilileta mwaka 2019 kishikio cha pamoja cha kibadilisha gia cha nyuma, kinachojulikana kwa kifupi UDH, na mwaka 2023 ikatoa mfumo wa gia za umeme unaofungwa tu kwenye fremu iliyotengenezwa kukipokea kishikio hicho. Fremu nzuri ya mwaka 2018 haikupata ufa wowote siku hiyo. Ilipata swali kutoka kwa kila mteja. Muuzaji wa mtumba kwa desturi ndiye mtetezi wa fremu hiyo, anayemweleza mteja kwamba itampeleka anakotaka kwa miaka kumi mingine. Akishakuwa wakala wa mpya, analipwa kusema kinyume chake, na sidhani kama mtu mmoja anaweza kuyasema yote mawili kwa sauti ile ile bila wateja kumshtukia.

Lipo pia suala la nani hasa anayebisha hodi. Chapa kubwa zina mtandao wao. Trek imenunua maduka mengi na kuyaendesha yenyewe. Specialized ilianza mwaka 2022 kuuza na kupeleka baiskeli moja kwa moja kwa wateja nchini Marekani. Kampuni za namna hiyo hazina shida ya kumtafuta muuzaji wa mtumba, na mikataba ya uwakala wao huwa na masharti kuhusu maeneo, kiasi cha chini cha oda na namna ya kutangaza bei, ambayo duka la mtandaoni lisilo na mipaka halitoshei kirahisi. Wanaobisha hodi mara nyingi ni wa aina mbili: chapa ndogo zenye baiskeli nzuri lakini zisizo na mawakala wa kutosha, au chapa za ukubwa wowote zenye mali iliyokwama zinazotafuta mahali pa kuitua bila kuwaudhi mawakala wao wa kawaida. Mlango unaofunguka kwa urahisi hivyo ni vizuri kuuliza kwa nini umefunguka.

Aina hizo mbili zinahitaji majibu tofauti. Mali iliyokwama inaweza kuwa ununuzi mzuri, kwa sababu inanunuliwa kwa mantiki ile ile ya mtumba: mara moja, kwa bei ya chini, bila ahadi ya kurudi tena. Muuzaji anayenunua katoni hamsini za toleo la mwaka uliopita hajawa wakala wa mtu. Amefanya kazi yake ya kila siku kwa wingi zaidi. Chapa ndogo ndiyo yenye mtego. Inaomba oda ya mapema, inaomba baiskeli za maonyesho, inaomba nafasi ya mbele kwenye tovuti, na mteja anayeifahamu ni mmoja kati ya wengi. Kazi ya kuitangaza inamwangukia muuzaji, ilhali jina linalojengwa ni la chapa, na jina hilo likishakua, chapa itafungua duka lake la mtandaoni kama wengine wote.

Mfano wa magari unafundisha kuliko wengi wanavyodhani. CarMax ya Marekani ilianza mwaka 1993 kama duka kubwa la magari yaliyotumika lenye bei isiyojadiliwa, na katika miaka hiyo hiyo ya 1990 ikachukua uwakala wa magari mapya ya watengenezaji kadhaa. Baadaye iliuza uwakala huo kidogo kidogo hadi ikatoka katika magari mapya, na leo inajulikana kwa yaliyotumika tu. Kampuni hiyo ilikuwa na mtaji, viwanja na wateja wengi kuliko duka lolote la baiskeli litakavyowahi kuwa navyo, na bado iliona nguvu yake iko upande mmoja.

Katika baiskeli zenyewe, mfano unaotajwa zaidi ni The Pro's Closet ya Colorado, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Nick Martin, mwendeshaji wa zamani wa mashindano ya milimani, aliyeanza kwa kuuza vifaa vya waendeshaji wenzake kupitia eBay. Ilikua ikawa miongoni mwa majina makubwa ya mtumba wa daraja la juu nchini Marekani, ikaja kuweka na baiskeli mpya kwenye orodha yake, na mwaka 2024 ikatangaza kusitisha shughuli. Haitakuwa haki kusema kwamba baiskeli mpya ndizo zilizoiangusha, kwani soko lote lilikuwa likivuja na gharama za ghala kubwa hazisubiri soko lipone. Kinachonivutia ni kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa imewahi kujaribu wazo lenye akili zaidi katika biashara hii, la kumhakikishia mnunuzi bei ambayo ingeinunua tena baiskeli yake baada ya muda uliotajwa. Wazo lile, kwa maoni yangu, ndilo linalopaswa kuwa kiini cha upanuzi wowote kuelekea mpya, na pia ndilo lenye makali yanayoweza kumkata aliyelishika.

Faida yake ni hii. Muuzaji wa mtumba hulia daima kuhusu upungufu wa mali nzuri, na upungufu huo una chanzo kinachojulikana: mtumba wa leo ni mpya wa miaka miwili au minne iliyopita. Mauzo ya mpya yakianguka mwaka huu, kisima cha mtumba kitakauka baadaye, hata kama leo kimejaa. Anayeuza mpya kwa makubaliano kwamba mteja atairudisha kwake, au kwa mteja atakayekuja na baiskeli yake ya zamani na kuongeza fedha juu yake ili aondoke na mpya, anajitengenezea mali ya kesho. Tena si mali ya kubahatisha: anajua iliuzwa lini, ilihudumiwa lini, imeanguka au haijaanguka, na betri yake alianza kuisoma siku ya kwanza. Ukaguzi ule wa tochi na sarafu unakuwa mfupi na wa uhakika zaidi. Hapo ndipo ujuzi wa zamani unapoihudumia biashara mpya badala ya kuachwa mlangoni, na hapo ndipo muuzaji wa mtumba anapokuwa na kitu ambacho duka la kawaida la baiskeli mpya, ambalo mara nyingi halitaki hata kuiona baiskeli kuukuu ya mteja, halina.

Makali yake ni kwamba ahadi ya kununua tena kwa bei iliyopangwa ni mali ya mteja, si ya muuzaji. Soko likipanda, mteja ataiuza baiskeli yake kwingine kwa bei bora na ahadi itasahaulika. Soko likishuka, kila aliyeahidiwa atakuja kwa wakati mmoja kudai bei ya zamani. Muuzaji atakuwa analazimika kununua kwa bei ya juu mali ambayo thamani yake imeporomoka, katika mwezi ambao hana fedha. Ndiyo maana ahadi inayotaja kiasi kamili inafaa kuepukwa, na ile inayotaja sehemu ya bei ya mpya kama itakavyokuwa siku ya kurudisha ni salama zaidi, hata kama haivutii sana kwenye tangazo. Thamani hiyo itolewe kama punguzo la kununua baiskeli nyingine dukani humo badala ya fedha taslimu, na nusu ya hatari imeondoka.

Dhamana inastahili neno fupi. Chapa nyingi hutoa dhamana ya maisha ya fremu kwa mnunuzi wa kwanza tu, na baiskeli ikibadilisha mikono dhamana hiyo hukoma au hupungua. Muuzaji anayeingia mkataba na chapa ana nafasi adimu ya kuomba kifungu kimoja ambacho mawakala wengine hawana haja nacho: kwamba baiskeli iliyouzwa mpya dukani kwake, ikarudi kwake na kukaguliwa na mafundi wake, ihamie kwa mmiliki wa pili ikiwa na sehemu ya dhamana iliyobaki. Kwa chapa ndogo gharama yake si kubwa, na kwa mtumba wa kaboni kifungu hicho kinaondoa hofu ambayo picha nzuri na maneno matamu hayajawahi kuiondoa.

Chapa ikikataa kifungu hicho, ikasisitiza oda ya mapema isiyorudishwa na kubaki na haki ya kushusha bei kwenye tovuti yake wakati wowote bila kumfidia wakala kwa mali iliyopo ghalani, mazungumzo yamefikia mwisho wake. Muuzaji anaweza kuomba auze kwa kamisheni, baiskeli zikibaki mali ya chapa hadi ziuzwe. Akikataliwa na hilo, basi katoni hamsini za mwaka uliopita bado zipo sokoni, zinauzwa mara moja, na hazidai nafasi ya mbele kwenye tovuti.